Fundi Aliyetaka Kusikia Jino Langu

Jino langu la mbele, la juu upande wa kulia, halikuota. Lilifungwa. Chini yake, ndani ya mfupa wa taya, imo skrubu ndogo isiyozidi urefu wa ukucha wa kidole gumba, nayo iliingizwa pale mjini Kindu wakati wa vita na mtu aliyejifunzia skrubu kwenye njia ya reli. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimeitafunia mihogo, mahindi ya kuchoma na miwa, na kwenye picha za mahafali nimeionyesha kwa tabasamu lililopita kiasi. Yule aliyeiweka alitaka kitu kimoja tu kutoka kwangu, yaani jibu. Nilichelewa kulipeleka.

Mjini walimwita Daktari. Hakupenda. Alisema daktari anaandika dawa kisha anaenda zake, lakini yeye anafunga vitu, na anayefunga kitu lazima arudi kesho kutazama kama bado kimefungwa. Basi sisi wa karibu tulimwita Fundi, naye akaitika.

Kabla ya meno alikuwa mkaguzi wa njia. Alitembea juu ya mbao za reli akiwa na nyundo ya mpini mrefu, akigonga tirfo moja baada ya nyingine. Tirfo ni ile skrubu nene inayobana reli kwenye ubao. Iliyoshika vizuri hutoa sauti kavu, fupi, ya juu. Iliyolegea hujibu kama mtu aliyeamshwa usingizini. Alitembea hivyo kwa miaka, mpaka ikawa hawezi kupita karibu na kitu kilichofungwa bila kukigonga. Aligonga milango ya watu akiwa tayari amekaribishwa ndani. Sokoni, wanawake wanaouza vyungu walianza kumfukuza akiwa bado mbali. Na ukimsalimu ukasema hujambo, alikutazama mdomoni kana kwamba umempa habari isiyo na ushahidi.

Alikuwa na tabia nyingine iliyotuchekesha zaidi. Mashine ya kukoboa mpunga ya jirani ilipoanza kuunguruma vibaya, Fundi alichukua spoki ya baiskeli, akagusisha ncha moja kwenye chuma cha mashine na kuiuma ncha ya pili kwa meno. Akafumba macho. Kisha akaonyesha kwa kidole beringi iliyokwisha. Alisema karakana ya reli ilikuwa na kelele nyingi mno, masikio hayakufaa kitu, ndiyo maana mafundi walisikia kwa kuuma. Sisi vijana tulisema njaa ya vita imemfikisha mahali pa kula chuma.

Meno yalikuja treni zilipoanza kuadimika. Mganga mmoja wa meno, mwanamke mgeni aliyekuwa na kliniki ndogo, alimwita atengeneze kanyagio la mashine yake ya kutobolea, ile inayozungushwa kwa mguu kama cherehani. Alilitengeneza, halafu hakuondoka. Alikaa akitazama. Mwisho mganga alimfundisha kutengeneza meno ya bandia, kisha kung'oa, kisha kushona ufizi. Vita vilipokaribia, mganga aliondoka na ndege ndogo, akamwachia ufunguo wa kliniki, mashine ya kanyagio, na kopo la biskuti. Ndani ya kopo mlikuwa na kijitabu cha Kifaransa, ufunguo mdogo wa kukazia, na skrubu tatu za meno ambazo hakupata wasaa wa kuzitumia.

Hapo ndipo mimi ninapoingia, na sifa yangu ni moja tu: nilijua Kifaransa. Nilikuwa nimemaliza sekondari na sina pa kwenda, kwa sababu reli ilikuwa imekatika, barabara zilikuwa za wenye silaha, na chuo kikuu kilikuwa upande mwingine wa vita. Kila baada ya swala ya alasiri nilikaa barazani kwake, mtaa wa Mikelenge, nikamsomea kijitabu, ukurasa kwa ukurasa. Nilisoma kwa sauti ya mtu anayeelewa. Aliyeelewa alikuwa yeye.

Alizipanga zile skrubu tatu juu ya kitambaa cheupe na kunilazimisha nizitazame kwa lenzi. Ya kwanza ilikuwa imenyooka kama kalamu, inang'aa, na nyuzi zake hazikuwa na kina. Ya pili ilikuwa pacha wake, ila imekwaruzika kidogo. Ya tatu ilikuwa nene juu na nyembamba chini kama karoti, nyuzi zake zimezama, na mwili wake haukung'aa. Ukiupitisha kwenye mdomo wa chini uliusikia kama ulimi wa paka. Kwa nini, aliuliza, mtu mwenye akili afanye chuma kizuri kiwe na makwaruzo? Aliuliza hivyo kwa majuma mawili. Nilimjibu kwamba labda ni ya bei rahisi. Alinitazama kwa huruma.

Alizijaribu zile pacha, akizifunga na kuzifungua kwenye ubao wa mvule, kwenye shina la mpapai na kwenye taya za mbuzi alizoomba kwa wachinjaji. Aligundua kwamba katika mvule karibu kila skrubu hushika, na kwamba katika mpapai ile nyoofu inapwaya, lakini yenye umbo la karoti, kwa kuwa inapanuka kadiri inavyoingia, ingejibana yenyewe. Akasema vinywa vya watu pia ni hivyo. Taya la chini, mbele, ni mvule. Taya la juu, nyuma, ni mpapai. "Na watu wote wanakuja kwangu na kinywa kimoja," alisema, "hakuna anayeandika mulangoni kama iko mbao gani."

Lazima nimseme pia kwa upande wa pili, maana nikimsifu tu atanigonga. Mtu huyu aliyewagombeza watu kwa ajili ya meno yao alikuwa na mapengo manne, na alikula miwa kwa siri nyuma ya jiko. Mfupa alikuwa tayari kuungoja miezi sita bila kulalamika, lakini mkewe akichelewa na chai dakika tano alisimama mlangoni kama abiria. Hakuamini neno la mtu yeyote. Mgonjwa akisema amepona alimwambia, "Fungua kinywa," na imamu wake alipomwambia kwamba mwezi umeonekana, alitoka nje kuutazama.

Mkewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwekewa skrubu. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na makali, aliyepungukiwa na jino moja la chini, karibu na mbele, na alikubali kwa sababu, alisema, akikataa hatapata usingizi kwa maswali. Fundi alichemsha vyombo katika sufuria ya presha, akatoboa mfupa polepole huku akiumwagia maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupozwa, kwa kuwa kijitabu kilisema mfupa ukipata moto unakufa. Kijitabu kilisema mengine pia, juu ya kukaza, lakini kurasa hizo zilikuwa zimeliwa na mchwa. Palipokuwa na tundu la mchwa, Fundi alijazia ujuzi wa reli. Aliichukua ile nyoofu inayong'aa, ambayo haikuwa imekwaruzika, akaikaza kama tirfo, kwa nguvu zake zote, mpaka ufunguo ukagoma. Aliigonga. Ilitoa sauti nzuri kabisa, kavu na ya juu. Aliniambia hiyo ingebeba treni ya mizigo.

Majuma sita baadaye walikuwa wanakula sombe, yale majani ya muhogo. Mkewe aliacha kutafuna, akatia vidole kinywani, akatoa kitu, akakisuuza kwenye maji ya kunawia na kukiweka ukingoni mwa sahani ya mumewe.

"Fundi," alisema, "treni yako imeanguka."

Sijawahi kumwona mtu akiaibika kwa namna ile na huku amesahau kuaibika. Aliomba radhi, nadhani, lakini tayari alikuwa ameshika lenzi. Nyuzi za skrubu zilikuwa safi kama siku ilipotoka kwenye kopo. Hapakuwa na hata chembe ya mfupa. Kesho yake aliniita nisome tena ukurasa uliokuwa kabla ya tundu la mchwa na ule uliofuata, akilinganisha kingo mbili za shimo. Kisha akaniambia, polepole, kama mtu anayejishtaki:

"Mbao ilishakufa zamani. Unaifunga, inanyamaza, vile ilishika leo njo vile itashika kesho. Mufupa iko muzima. Ukiibana sana, damu haipite, inakufa pale pale kando ya vise, ile skrubu. Miye nilifunga mama wa nyumba kama mbao."

Tangu hapo alisema mshiko ni miwili. Wa kwanza ni wa chuma: nyuzi zinauma mfupa, na huo unaupata siku ile ile. Lakini mfupa ulioumwa unaoza kidogo, mwili unausafisha, na katika juma la tatu na la nne skrubu inakuwa dhaifu kuliko siku ilipoingia. Halafu unakuja mshiko wa pili, ambao si wako: mfupa mpya unaota na kuingia kwenye nyuzi. Hapo ndipo alipoyaelewa yale makwaruzo. Mfupa unataka mahali pa kukaa. Ukiupa chuma laini unateleza. Ukiupa ulimi wa paka na mifereji yenye kina, unahamia. Alifurahi kuelewa hivyo kiasi kwamba alikwenda jikoni kumweleza mkewe, ambaye alikuwa na shimo mdomoni na hakufurahi kwa kiwango hicho.

Lakini kueleza si kujua, na Fundi hakuamini maneno, hata yake mwenyewe. Akachukua ile pacha iliyokwaruzika, akaisugua kwa mchanga mpaka ikawa kavu na yenye makwaruzo kama ya tatu, akaichemsha na kuiweka katika taya la mbuzi wa mkewe, mbuzi hai, mwenye jina. Safari hii alikaza kwa vidole viwili tu. Mbuzi alikaa siku mbili akinuna, kisha akarudi kwenye majani yake. Kila Ijumaa Fundi alimshika pembe, akamfungua mdomo, akagonga. Aliniambia kwamba katika juma la nne sauti ilishuka, kama alivyotabiri, na katika juma la nane ilianza kupanda. Alitaka kusubiri mpaka la kumi na sita.

Katika juma la kumi wenye silaha walipita mtaani wakachukua mbuzi wote. Fundi aliwafuata mpaka kambini. Hakuomba nyama. Aliomba kichwa, na ikiwezekana kisichemshwe. Walidhani ni mwendawazimu, ndiyo maana hawakumpiga. Walimwambia kichwa ni sehemu ya mkubwa wao. Alirudi saa kumi jioni, mkewe akiwa amesimama njiani kwa hofu, akamuuliza wamemfanya nini.

"Walikula majibu," alisema.

Ikabaki ile moja, karoti yenye ulimi wa paka. Na mimi, kwa wakati wake, nikavunja jino. Chuoni nilikuja kuwaacha watu waamini kwamba ni kitako cha bunduki. Ukweli ni kwamba nilikuwa nasukuma baiskeli yenye madumu mawili ya mafuta ya mawese kutoka kivukoni, nikageuka kumtazama msichana aliyekuwa akicheka, na usukani ukanipiga mdomoni. Alikuwa ananicheka mimi, hata kabla.

Nilitaka kuwa mwalimu, na bila jino lile kila herufi ya S ilitoka na upepo. Nilimwendea Fundi na kumwambia nataka ile skrubu. Hakunibembeleza. Alinikalisha akahesabu kwa vidole: "Ya mama ilitoka. Ya mbuzi sijue. Ya kwako sijue. Unakubali?" Nikasema ninakubali. Mkewe, kutoka ndani, alisema kwamba mbuzi naye alikubali.

Ninakumbuka harufu ya mfupa wangu, ambayo ni kama ya ukucha uliokatwa, na maji ya baridi yakitiririka shingoni, na mguu wake kwenye kanyagio, taratibu sana. Ninakumbuka vidole viwili vikizungusha ufunguo, na namna alivyoacha mahali ambapo mtu yeyote angeongeza nusu mzunguko. Aliuweka ufunguo mbali, asiufikie. Kisha akashona ufizi juu yake. Kwa miezi sita skrubu ingekaa gizani, ndipo angeifunua, aigonge, asikie, na ajue.

Katika mwezi wa nne wa kungoja, mapigano yalifika karibu na mji, na familia yangu iliamua niondoke kwa miguu kuelekea Lubutu, kisha Kisangani. Fundi alinikuta nikifunga mzigo kwenye baiskeli. Watu walikuwa wanaagana kwa machozi pande zote. Yeye alinitia mkononi kitambaa kilichofungwa, ndani yake mkiwa na ufunguo mdogo wa skrubu, maana bila huo hakuna fundi mwingine angeweza kuifungua.

"Ukifika, wafunue, wagonge," alisema. "Weye sikia vizuri. Halafu uniandikie sauti ilikuwa namna gani. Usiandike kama iko. Andika sauti."

Nilitembea siku nyingi. Nilipita Obokote nikiwa na malaria na ulimi wangu ukigusa mahali pale kila hatua. Kisangani nilipona, nikaingia chuo, na mwaka uliofuata mganga wa meno aliifunua skrubu kwa ule ufunguo, akaigonga kwa mpini wa kioo chake, akainua nyusi, akaniuliza nani aliiweka. Nikasema ni mtu wa reli. Alicheka akidhani ni utani, akanifungia jino. Na sauti? Sikusikia. Nilikuwa natazama kioo kingine, kile cha ukutani, nikijaribu kusema "Sasa".

Sikuandika. Mwanzoni hapakuwa na posta, na hiyo ilikuwa sababu nzuri. Niliitumia kwa miaka kadhaa hata baada ya posta na simu kuwapo. Nilisoma, nikaoa, nikawa mwandishi wa insha juu ya wajibu wa msomi. Siku moja, nikiwa na umri wa kuota kitambi, nilipata namba ya mkewe nikampigia. Nilisema kwa furaha: mwambie jino bado liko. Nilimsikia akipiga kelele kumweleza mtu aliye karibu, kisha akarudi.

"Anasema 'iko' haiko jibu," alisema. "Ile yangu pia ilikuwa iko. Majuma sita."

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Tangu nilipoondoka, Fundi hakuweka skrubu nyingine hata moja. Watu walimwendea, mama mmoja wa mtaa wa Alunguli, kiongozi wa kwaya, alijiletea za kwake kutoka Goma, mbili, zenye umbo la karoti, akamngojea miaka mitatu. Alimjibu kila mara kwamba bado hajapata majibu. Mwishowe yule mama alitengenezewa jino la kuvaa na kuvua, akaendelea kuimba akilishikilia kwa ulimi. Niliikata simu nikakaa. Kwaya nzima ilikuwa imeimba hivyo kwa sababu mimi sikuwa na stempu.

Nilifika Kindu mwaka jana, kwa semina ya vitabu vya shule. Siku ya pili nilitoroka kabla ya chakula cha mchana. Nyumba ni ile ile ya Mikelenge, kopo la biskuti liko juu ya kabati. Alikuwa amepungua, kofia imekuwa kubwa kuliko kichwa. Nilimsalimu shikamoo kwa heshima yangu yote, naye akaendelea kumenya muwa.

"Hasikie," alisema mkewe. "Masikio yalitoa usaha miaka na miaka, sasa yamejifunga. Umekuja wakati mutu hana sikio."

Alimgusa Fundi bega, naye akainua macho, akanitambua. Hakuuliza habari za watoto. Alinyoosha kidole kwenye kiti na kusema, "Fungua kinywa."

Alinawa mikono. Aligonga jino langu halisi kwa mpini wa kijiko, kisha akagonga lile la skrubu yake. Akasubiri. Akagonga tena, kwa nguvu kidogo, huku ameinamisha kichwa upande mmoja, kisha upande mwingine. Mimi nilisikia vizuri sauti zote mbili na nikatamani kumpa masikio yangu, ambayo sijawahi kuyatumia ipasavyo. Nilianza kumweleza kwa mikono kwamba ni kavu, ni ya juu. Aliufunga mkono wangu kwa wake. Maneno ya mtu hayamo kwenye kazi hii. Alikaa chini, kijiko kikiwa gotini, na kwa mara ya kwanza nilimwona akiwa mzee.

Mkewe ndiye aliyetoka nje. Alirudi na spoki ya baiskeli, ameichemsha, inatoa mvuke.

Fundi aliitazama, akamtazama mkewe, na mapengo yake yote yakaonekana. Akaipoza. Aliweka ncha moja kwenye jino langu halisi na kuiuma ile ya pili kwa meno yaliyobaki, mimi na yeye tukiwa uso kwa uso kama watoto wanaogombania muwa, na mkewe akasimama kati yetu na kijiko. Akagonga. Fundi alitikisa kichwa kukubali: amesikia. Akaihamisha ncha kwenye jino la skrubu. Akafumba macho.

Mkewe aligonga mara moja, polepole.

Niliona nyusi za Fundi zikipanda, ile ya kushoto kwanza. Meno yakiwa bado yamebana spoki, alisema neno ambalo nililielewa kwa shida: "Imeshika."

Nilitaka kuomba radhi kwa ajili ya barua, kwa ajili ya mama wa Alunguli, kwa ajili ya miaka yote. Lakini mdomo wangu ulikuwa wazi na haukuwa wangu. Mkewe alishusha kijiko, akasema basi, chakula kinapoa, mgeni ana shingo inauma. Fundi hakufumbua macho. Alinyoosha mkono, akakitafuta kijiko hewani, akakirudisha juu mahali pake.

"Tena," alisema.